Sikio Ndilo Mizani: Uhakiki wa Sanaa ya Kusawazisha Mapigo

Neno mizani limebahatika katika lugha yetu. Sokoni ni chombo cha kupimia karafuu na samaki. Katika ushairi ni hesabu ya silabi za mshororo. Maana hizo mbili zinakutana katika jambo moja, nalo ni kulinganisha. Kitu kilicho pweke hakipimiki. Hapana budi pawe na viwili, na pawe na mwamuzi wa kusema kwamba sasa vimelingana, au bado. Swali la makala haya ni dogo kwa maneno, kubwa kwa athari: mwamuzi huyo ni nani, jicho au sikio?

Nimekusudia kulijibu swali hilo kwa kuutazama ufundi ambao si desturi kuujadili katika kurasa za ushairi. Ni ufundi wa mpiga santuri, ambaye vijana humwita dijei: ule wa kuzisawazisha nyimbo mbili kwa sikio, ili moja iingie ndani ya nyingine pasi na mchezaji kukosea hatua. Wapo watakaosema kwamba mambo ya madisko hayana nafasi hapa. Namwomba msomaji avute subira. Mwanafunzi wa ufundi huu anakabiliwa na mtihani uleule uliomkabili kila malenga wa pwani kabla tungo zetu hazijahamia kwenye karatasi, na namna anavyoufaulu au kuufeli inatufundisha jambo kuhusu hali ya ushairi wetu wenyewe.

Ufundi huu una nasaba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa New York, Marekani, alikuwapo mpiga santuri aitwaye Francis Grasso, aliyefanya kazi katika ukumbi wa Sanctuary, jengo ambalo hapo kabla lilikuwa kanisa. Desturi ya wapiga santuri ilikuwa ni kuweka wimbo, kuungoja uishe, kisha kuweka mwingine. Grasso anahesabiwa miongoni mwa wa mwanzo kuupandisha wimbo wa pili juu ya ule wa kwanza, ngoma juu ya ngoma, hata ukumbi usijue ni wapi mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Tukumbuke kwamba nyimbo zile zilipigwa na binadamu, si mashine. Mpiga ngoma alipofika penye kiitikio na damu ikamchemka, mwendo ulipanda, alipochoka, ulishuka. Kwa hiyo kuzioanisha nyimbo mbili halikuwa jambo la kulifanya mara moja na kulisahau. Ilikuwa ni kuzisindikiza, mkono ukiwa juu ya sahani na sikio likiwa macho, tangu zinapokutana hadi zinapoagana.

Vyombo vilifuata nyuma ya ufundi. Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa mashine ya santuri iitwayo Technics SL-1200, na mwaka 1979 ikatoa toleo la pili, SL-1200MK2, lenye kitelezi kirefu pembeni kinachoweza kuongeza au kupunguza mwendo wa sahani kwa asilimia 8. Utengenezaji wa mashine hizo ulisitishwa mwaka 2010 na kurejeshwa mwaka 2016. Lakini kwa miongo mitatu kitelezi kile ndicho kilichokuwa chuo cha wapiga santuri duniani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Sahani ya kwanza inazunguka na ukumbi unacheza. Mpiga santuri amejifunika sikio moja kwa hedifoni, na ndani yake umo wimbo wa pili ambao hakuna mwingine anayeusikia. Sikio lake jingine li wazi kwa ukumbi. Analitafuta pigo la kwanza la wimbo wa pili, anaizuia sahani kwa ncha za vidole, anahesabu moja hadi nne pamoja na ukumbi, na pigo la moja linaporudi anaiachia. Kwa mapigo machache nyimbo mbili zinakwenda sambamba. Kisha zinaanza kuachana, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Chukua wimbo wenye mapigo 125 kwa dakika na mwingine wenye 126. Katika maandishi tofauti hiyo ni ndogo, hata haifai kutajwa. Lakini baada ya nusu dakika pigo la wimbo mmoja litakuwa limeangukia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenziwe, na dakika ikitimia wimbo wa pili utakuwa umetangulia pigo zima. Mchezaji asiyejua hata jina la ufundi huu atasita. Hatajua kwa nini, lakini mguu wake utajua.

Kusikia kwamba mambo yameharibika si kazi. Kila mwenye masikio hulisikia hilo. Kusikia namna yalivyoharibika ndiyo elimu. Je, wimbo wa pili unakimbia au unakokota? Mwanafunzi wa siku za mwanzo hawezi kusema. Anasikia vurugu tu. Anakisia, anausogeza mwendo juu, vurugu inazidi, anaurudisha chini. Ugumu wake unatokana na kuchanganya mambo mawili ambayo kwa sikio changa huonekana kuwa ni jambo moja: mwendo na mahali. Anaweza kuisukuma sahani kwa kidole mpaka pigo likakaa juu ya pigo, akadhani amemaliza, kumbe amerekebisha mahali tu. Mwendo bado ni tofauti, na baada ya nukta chache nyimbo zitaachana upya.

Mwenye kutaka mfano wa karibu na auangalie ua ambamo wanawake wawili wanatwanga katika kinu kimoja. Mchi wa huyu unapopanda, wa yule unashuka. Hawakai mahali pamoja, kwani wakikaa mahali pamoja michi itagongana. Lakini mwendo wao ni mmoja, na kwa sababu mwendo ni mmoja wanaweza kuongea, kucheka, hata kuimba, bila kuangalia kinu. Mmoja akiharakisha kidogo, mwenziwe hulisikia hilo kabla ya kuliona, na mkono wake hujirekebisha bila kushauriwa. Mpiga santuri anayataka mapigo yake yakutane badala ya kupishana, na hiyo ndiyo tofauti pekee. Ilimu ni ileile.

Iko pia hadaa ya sauti. Katika mashine ya santuri, sahani inapozunguka kwa haraka zaidi, wimbo hauendi mbio tu, bali sauti nayo inapanda. Ongezeko la asilimia 6 hivi linatosha kuipandisha kwa nusu toni nzima. Kwa hiyo mwanafunzi anaposikia mwimbaji mwenye sauti nyembamba, hudhani wimbo unakimbia, na anaposikia sauti nzito, hudhani unakokota. Inampasa ajifunze kutenganisha wembamba na wepesi. Ndiyo maana walimu wa ufundi huu humwanzisha mwanafunzi kwa nakala mbili za wimbo mmoja, ili asiwe na kingine cha kusikiliza ila mwendo. Na humwambia asiitegemee ngoma nzito ya chini, ambayo pigo lake ni pana na halina ukingo, bali asikilize makofi na matoazi madogo, kwani sauti kavu husema kweli mapema. Wapo pia wanaokifunika kioo cha mashine kwa kipande cha karatasi, ili namba zisionekane.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonivuta kuandika makala haya. Kwa nini mwalimu amfiche mwanafunzi jawabu ambalo mashine inalo? Kwa sababu jicho likishapata namba, sikio hupumzika. Na sikio lililozoea kupumzika haliamki siku linapohitajika.

Wapenzi wa ushairi wataitambua hali hii. Tutunge mshororo wa mfano tu, usio na haja ya kusifiwa: Mpiga ngoma sikia, mguu usipotee. Ukwapi una mizani 8, na utao una 8. Mwenye kuuhesabu kwa jicho, akifuata irabu peke yake, atapata 7 katika ukwapi na 7 katika utao. Atakuwa amekosea pote, maana ile m ya mpiga na ile ya mguu kila moja ni silabi kamili. Akishafundishwa hivyo, atakuja kukutana na neno mwana, naye kwa kanuni yake mpya ataihesabu m yake pia, akosee upande wa pili. Mwenye kuughani mshororo hana tatizo hilo. Ulimi hukaa kidogo juu ya m ya mpiga na hupita bila kusimama juu ya m ya mwana, na sikio hupokea bila ubishi. Tukibadili neno moja tukasema Mpiga ngoma sikiliza, ukwapi unakuwa na mizani 9, na msikilizaji atahisi mshororo unachechemea kabla hajakunja kidole hata kimoja.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, alishikilia kwamba shairi ni la kuimbika. Wengi wameusoma msimamo huo kama amri ya kihafidhina, na mjadala wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, uliufanya uonekane kuwa ni ugomvi wa vina na mizani. Nadhani kilichokuwa hatarini ni kikubwa kuliko vina. Ni nani anayelihukumu shairi? Likihukumiwa kwa kuhesabiwa, litafaulu kila lililotimia. Likihukumiwa kwa sikio, yatafeli mengi yaliyotimia hesabu, na yatafaulu baadhi ya yale yasiyo na vina kabisa. Kila mwenye kusoma diwani zetu amekutana na mashairi ya namna hiyo: kila mshororo una mizani 16, vina vimesimama safu kama askari, na wimbo haumo. Mtunzi alitazama, hakusikiliza.

Hapa visiwani ufundi wa kuunga wimbo na wimbo haukungoja mashine za Japani. Kidumbaki, ndugu wa taarabu anayechezwa harusini, kina vidumbaki viwili, fidla, sanduku, mkwasa na cherewa, na desturi yake ni kuziunganisha nyimbo mfululizo bila kuikata ngoma. Mwimbaji anatoka katika wimbo huu na kuingia katika ule, na wachezaji hawapewi nafasi ya kuketi. Anayeziunganisha ni sikio la kikundi kizima: mpiga sanduku anasikia mwimbaji anapoelekea, vidumbaki vinakaza au vinalegeza, na mpito unafanyika kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Hakuna anayehesabu. Nao waliojifunza hivyo hawakujifunza kwa noti zilizoandikwa, bali kwa kukaa karibu na wanaojua.

Kuanzia miaka ya 2000 programu za kompyuta zilianza kuifanya kazi ya kusawazisha, na mwaka 2012 kampuni ya Pioneer iliitoa mashine ya CDJ-2000 Nexus ikiwa na kitufe cha kuoanisha mapigo. Mtu anabonyeza, na nyimbo zinakwenda pamoja. Tangu hapo umezuka ubishi mkali, na haki inatudai tuzisikilize hoja za wanaokitetea kitufe.

Wanasema, kwanza, kwamba mchezaji hajali. Hilo ni kweli. Aliyekuja kucheza hakuja kukagua vidole vya mpiga santuri. Wanasema, pili, kwamba muda unaookolewa hutumika katika kazi iliyo kubwa zaidi, yaani kuchagua wimbo gani ufuate na kwa nini. Hili nalo lina uzito, kwa kuwa usawa wa mapigo haujapata kuuokoa wimbo mbaya. Wanasema, tatu, kwamba sifa ya sikio imegeuzwa ua wa kuwazuia wageni: mashine za santuri na sahani zake ni ghali, na waliozimudu walijifanya ndio peke yao wanaostahili. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na mhakiki asiyeikubali hasemi kweli. Tumewaona hata katika ushairi wetu watu walioifanya mizani kuwa rungu la kuwapigia vijana.

Mfano wa singeli unatosha kuipa hoja hiyo nguvu. Muziki huu wa vijana wa mitaa ya Dar es Salaam, kama Manzese na Tandale, una mapigo yanayopita 200 kwa dakika, na ulianza kwa kuvichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwa kompyuta. Ulipotoka mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wasikilizaji wa mbali walistaajabu. Hakuna anayeweza kusema vijana wale hawana sikio kwa kuwa hawakuanzia kwenye santuri. Kompyuta ilikimbiza, sikio ndilo lililoamua kipande kipi cha taarabu kinastahimili kukimbizwa na kipi kinavunjika.

Basi kosa haliko katika kitufe. Liko katika kudhani kwamba kitufe kimefanya kazi yote. Kinasawazisha pigo na pigo. Lakini nyimbo nyingi za kuchezwa zimejengwa kwa mafungu ya mapigo 16 au 32, kama ubeti ulivyojengwa kwa mishororo. Mpiga santuri akiuingiza wimbo wa pili katikati ya fungu la wa kwanza, mapigo yatalingana sawasawa na bado mambo yatakuwa yameharibika: huyu anafunga ubeti na huyu ndio kwanza anaufungua, kama watu wawili wanaoghani kwa mwendo mmoja mashairi mawili tofauti. Kitufe kitaonyesha kwamba hali ni njema. Sikio pekee ndilo litakalokataa.

Tena, kitufe hutegemea mistari ambayo programu imeichora juu ya wimbo, na kwa kawaida mistari hiyo hukadiriwa kana kwamba ngoma ilipigwa na saa. Mpe nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake, au wimbo wowote wa taarabu ya zamani uliopigwa na binadamu wanaosikilizana. Mwendo unapumua. Unapanda penye kiitikio, unajinyoosha mwimbaji anapolikawiza neno. Mpe chakacha, ambayo mapigo yake huweza kuhesabiwa kwa mbili au kwa tatu kwa wakati mmoja, nayo programu huenda ikachagua hesabu isiyo ya mchezaji. Mtu atalazimika kuisahihisha, na atasahihisha kwa sikio. Asiye nalo ataiacha taarabu na kuchagua nyimbo ambazo mashine inazimudu. Hii ndiyo hasara niliyokusudia kuionyesha: chombo kisichoweza kusikia muziki wetu kikiachiwa uamuzi, muziki wetu ndio utakaoachwa nje, bila mtu yeyote kuuchukia wala kuukataza.

Kwa hiyo nauhukumu ufundi huu hivi. Kama ni suala la matokeo ya usiku mmoja, mwenye kitufe na mwenye sikio wanaweza kufika pamoja. Kama ni suala la mtu anayebaki baada ya usiku huo, hawako sawa. Aliyejifunza kwa sikio amepata uwezo wa kusikiliza viwili kwa pamoja bila kimoja kukimeza kingine: kilicho faraghani na kilicho hadharani, kinachokuja na kilichopo. Ni uwezo wa mwimbaji wa kidumbaki, wa mtwangaji wa kinu, wa malenga anayejibizana papo kwa papo na mwenziwe huku akiutunga ubeti wake kabla wa mwenziwe haujafika ukingoni. Na aliyenao anaweza kutumia kitufe bila madhara, kama mtunzi aliyekomaa anavyoweza kuviacha vina bila kuupoteza wimbo. Kuacha ni haki ya mwenye kujua anachokiacha.

Walimu wetu wa ushairi wana cha kuazima hapa. Katika madarasa mengi mwanafunzi hufundishwa mizani kwa kuchora mistari baina ya silabi na kuandika idadi pembeni. Hufaulu mtihani, na akipewa shairi la kughani mbele ya wenziwe hulisoma kama tangazo la mnada. Amehesabu mizani na hajazisikia. Mwalimu wa santuri hufunika kioo kwa karatasi. Mwalimu wa ushairi naye na akifunike kitabu, alighani shairi lenye mshororo mmoja uliopungua mizani, na awaulize wanafunzi ni upi. Watakaoupata kwa sikio hawatahitaji kufundishwa kuhesabu. Watahesabu wenyewe, kwa kutaka kujua sikio lao limewaambia nini.